Baba Aliyehesabiwa Kwenye Basi la Shule

Mpendwa mshauri, salamu nyingi, na kabla hujafika mbali nakuomba usicheke, maana kila niliyemsimulia jambo hili amecheka kwanza ndipo akanipa pole, na pole za namna hiyo nimezichoka. Naomba msaada wa kweli, nyumba yangu imepoa.

Mimi ni fundi friji, nina mke mmoja na binti mmoja wa darasa la saba, na huyo binti ndiye roho yangu, sifichi. Muhula uliopita darasa lao lilipelekwa makumbusho, safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, na mimi niliruhusu kwa moyo mkunjufu mbele ya mwalimu wao, lakini basi lilipotoka tu getini nikajikuta nimewasha pikipiki nalifuata, si kwa ubaya, nilitaka tu kuona dereva anaendeshaje, halafu nikaona kwa kuwa nimeshafika nusu ya njia si vibaya nikimalizia, halafu nikaona kwa kuwa nimeshafika si vibaya nikiingia na mimi nikajifunza. Nilisimama nyuma ya mifupa ya tembo mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Mchana mvua ikashuka, mvua ya kweli kweli, na mimi nina shati tu. Dereva wa basi ni mteja wangu, friji yake imepita mikononi mwangu, akanionea huruma akaniambia, “Fundi, ingia ukae kiti cha nyuma mpaka ikatike,” akanipa na koti la mvua la shule, yale ya njano yenye kofia ambayo watoto wote walipewa siku hiyo, maana moja lilizidi. Nikajikunyata kwenye kona, joto likanikolea, usingizi ukanipitia. Nilipozinduka basi limejaa makoti ya njano, kofia hadi kwenye nyusi, kelele, vioo vimeziba kwa ukungu, dereva anadhani nilishashuka zamani, na mwalimu yuko kule mbele anahesabu vichwa kwa kidole. Mshauri, ningesimama ningeaibika, na binti yangu angeaibika mara mia, kwa hiyo nikavuta kofia nikainamisha kichwa, nikajisemea nitashuka kimyakimya basi likisimama mahali. Mwalimu akanihesabu. Hesabu ikatimia sawasawa, akamwambia dereva twende.

Tulipokwenda kidogo nikaanza kumtafuta binti yangu kwa jicho la chini ya kofia, kiti kwa kiti, simwoni, nikajipa moyo kwamba labda yuko mbele, nikanyoosha shingo, mbele hayupo. Ndipo akili ikanijia kwamba kama mimi nimehesabiwa na hesabu imetimia, basi kuna mtu hayumo. Nikasimama nikauliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, “Mwanangu yuko wapi?” Watoto waliokaa karibu nami walipiga kelele kunishinda, maana muda wote walidhani wamekaa na mwenzao.

Basi likageuzwa. Binti tulimkuta chumba cha nyuma kabisa na bibi mmoja mhifadhi, yule anayetunza mifupa, amepewa brashi anapangusa taya la mnyama sijui gani, anaongea na kucheka, wala hajui kama basi lilishaondoka. Aliyelia ni mimi. Aliniangalia na koti langu la njano kutoka juu mpaka chini, akasema, “Baba, umekuja na nani?”

Tangu siku ile shule nzima inaniita Mwanafunzi Mpya. Mwalimu mkuu alimfokea mwalimu wa darasa mbele ya wenzake, nasikia. Sasa yule bibi mhifadhi naye hakutulia, alipiga simu shuleni akamsifia binti yangu, na likizo hii binti amechaguliwa pamoja na wenzake wachache kwenda nje ya nchi, kwenye kambi ya wanafunzi ambako watafukua mifupa ya kale pamoja na wataalamu. Mimi nimekataa. Nimesema wazi mezani kwamba shule ile ilishamsahau mwanangu mara moja, sitawapa nafasi ya pili. Mke wangu akaweka kijiko chini, akaniuliza, “Na aliyesababisha asahaulike ni nani?” Nikamwambia hayo mambo mawili tusiyachanganye.

Baadaye nikasikia shule inatafuta mzazi mmoja wa kufuatana na watoto, nikaona Mungu amenifungulia, nikamwambia binti haya, twende wote. Hakunijibu kwa hasira, ingekuwa heri. Alisema taratibu tu, “Baba, ukienda wewe mimi nabaki. Nafasi yangu wampe mwingine.” Na tangu hapo ananiamkia, ananiletea chai, nikimwita anaitika, lakini hanisimulii kitu, na huyu alikuwa mtoto wa kunisimulia mpaka nasinzia na bado anaendelea. Hiyo inaniumiza, mshauri, inaniumiza kuliko hilo jina. Jibu linatakiwa shuleni Ijumaa. Binti anasoma safu yako kila wiki, kwa hiyo naomba umwandikie maneno mawili matatu, umweleweshe kwamba baba yake akienda ni kwa faida yake mwenyewe.

Ni mimi, Baba Mwenye Uchungu.

MSHAURI ANAJIBU

Baba Mwenye Uchungu, nimecheka. Uliniomba nisicheke na nilijikaza vizuri, nikaanguka kwenye mifupa ya tembo. Sasa nimemaliza, nimefuta macho, tuongee kama watu wazima.

Pole yangu ni ya dhati. Mimi pia nimelea, na ninajua mtoto akitoka getini anavyoondoka na nusu ya akili za mzazi. Kuogopa si kosa. Ila wewe umeichukua hofu yako ukaipandisha basi la shule, ukaivalisha koti, na mwalimu wa watu akaihesabu.

Ndiyo, nalirudia hilo, kwa sababu unaandika bila kusita kwamba shule ilimsahau mwanao. Shule haikumsahau. Ungekuwa umebaki na friji zako siku ile, hesabu ingepungua kichwa kimoja, mwalimu angerudi ndani, angemkuta binti na brashi yake, angemsema kidogo, na jioni wote mngekaa mkanywa chai. Aliyefanya mtoto aachwe ni wewe, uliyejifanya mlinzi wake. Mkeo alikuambia jambo hilo kwa sentensi moja baada ya kuweka kijiko chini, na wewe ukamjibu msiyachanganye. Baba, hayo mambo mawili ni jambo moja, na limevaa njano.

Halafu yuko mwalimu. Amefokewa mbele ya wenzake kwa ajili yako, unasema “nasikia”, kisha unaendelea na habari zako. Kesho asubuhi, kabla hujafungua karakana, nenda shuleni umwombe radhi, na umwambie mwalimu mkuu kwa kinywa chako kwamba kichwa kilichozidi kilikuwa chako. Utaona aibu. Ione tu, haiui.

Ukiwa hapohapo, uliza unayotaka kuuliza. Nani anawasimamia watoto huko, wanalala wapi, mtoto akiumwa anapelekwa wapi, simu ya dharura ni ipi. Hayo ni haki yako kabisa, na hakuna atakayekucheka ukiyauliza umesimama ofisini bila kofia. Majibu yakikuridhisha, umeridhika, usianze kutafuta mengine ya kukutia hofu. Yasipokuridhisha, omba binti aitwe, useme palepale mbele yake, ili ajue unachokiogopa kina jina.

Umenitaka nimweleweshe mwanao. Sitamwandikia hata neno moja, yeye ameeleweka. Amekuambia kwamba yuko tayari kuikosa safari anayoitamani kuliko kuisafiri akiwa na wewe mgongoni. Mtoto wa darasa la saba hasemi hivyo kwa kiburi. Anasema hivyo kwa sababu ameona kwamba ukiwepo, kila kitu kinakuwa habari yako. Mimi nami nimeliona kwenye barua hii. Umenieleza mvua ilivyokulowesha, joto la kiti, aibu, machozi yako, jina walilokupa. Siku ile mwanao alikuwa na mchana mzuri kuliko yote katika maisha yake, akachaguliwa na mtu mzima anayejua kazi yake, akapewa kitu cha thamani akishike, na wewe unaniandikia “taya la mnyama sijui gani”. Yeye anajua ni mnyama gani. Amekaa na jibu hilo muhula mzima na baba yake hajamuuliza. Unashangaa nini kwamba hakusimulii?

Sasa fanya hivi, na usinichagulie kipande. Usingoje Ijumaa, kesho hiyohiyo jioni, ukishatoka shuleni, mwite binti, mama yake awepo, umwambie anakwenda na wewe unabaki. Sema hivyo tu, usiongeze “lakini”, maana nakujua sasa, hiyo “lakini” yako ina magurudumu. Nafasi ya mzazi mwachie mzazi mwingine. Usijitolee kuwa mpishi, usigundue ghafla kwamba una binamu katika nchi hiyo. Siku ya safari msindikize mpaka pale wanapoishia wasindikizaji, mkumbatie, mpe mkono mwalimu, kisha rudi kazini ushike friji ya mtu. Utakuwa na siku mbaya. Hizo siku mbaya ndizo sehemu yako ya safari hii, na hakuna anayeweza kukubebea.

Akipiga simu, pokea. Asipopiga, yuko shimoni na brashi, ana raha zake.

Na siku akirudi, najua maswali yaliyokujaa mdomoni: ulikula, ulilala, uliogopa, ulinikumbuka. Yameze yote, baba. Muulize aliona nini, kisha unyamaze mpaka amalize.