Rangi ya Kalipa

Kithyoko,
Julai 2000

Kwa mdogo wangu Jeremiah,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba vumbi la hicho kiwanda chenu cha simiti halijakumaliza kifua. Sisi tunapumua. Mama anauliza kama unakula chakula cha kupikwa ama ni mkate na soda tu, kama kawaida yako. Mahindi yalikauka kabla ya kubeba, lakini mbaazi zimejitahidi. Wale mbuzi wa ntheo, wa kwenda kukuposea Pauline kwao Wamunyu, wako sawa, wamenenepa kukuzidi.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu ya hapa sokoni unapiga watu wakiwa foleni nyuma yako wamekaza masikio, na hii si habari ya kusikizwa na soko zima. Tafadhali keti ndipo usome.

Zile rimu za gari ya Baba ulizotuma zilifika, na Baba alifurahi kama mtoto. Lakini zina matundu makubwa, na kupitia hayo matundu kila mtu aliona kalipa, zile chuma zinazobana diski ili gari isimame, zikiwa zimejaa kutu. Baba alisema hawezi kupeleka wazee wa ukoo kwa wakwe Desemba na gari iliyovaa viatu vipya na soksi chafu. Akanunua mkebe wa rangi nyekundu, ile isiyoungua na moto wa breki, akasema atazipaka mwenyewe hapa nyumbani.

Jumamosi asubuhi tuliweka mawe nyuma ya magurudumu, akapiga jeki, akatoa gurudumu la mbele. Mimi nilisugua kutu kwa brashi ya waya, nikaosha kwa petroli, nikafunika mpira wa breki na diski kwa magazeti. Alinielezea tena vile alivyokuwa akituelezea tukiwa wadogo, akiwa dereva wa parokia, kwamba rangi ikigusa diski gari haishiki breki, na dereva anayepaka diski afadhali ajichimbie kaburi kwanza. Kisha akanituma chai.

Niliporudi, magazeti yalikuwa chini na diski yote ilikuwa nyekundu. Kalipa yenyewe ilikuwa imeguswa nusu tu. Baba alisimama hapo ameridhika, akaniambia imekaa kama ya duka. Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Alitaka kuchovya brashi mkebeni, akaichovya mchangani.

Jeremiah, niliogopa. Nilianza kuosha diski kwa thina. Akaniuliza naosha nini. Nilipomwambia, alikuja juu, akasema macho mabaya ni yangu, na kwamba sisi walimu tunafikiri kila mtu ni mwanafunzi wetu. Halafu akakalia lile gurudumu, hasira ikamwisha.

Ndipo akaniambia. Tangu Pasaka jicho la kushoto halioni kitu, na la kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya paipu. Ile siku alisema anaenda Machakos mambo ya pensheni, alikuwa ameenda kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Yaliyopotea hayarudi, na daktari hakumficha kwamba yaliyobaki huenda yasifike mwaka mpya. Na bado kila Jumapili ameendesha gari kwenda misa, Mama akiwa kando yake, bila Mama kujua chochote! Eti barabara anaijua hata usingizini.

Nilimwomba aache. Alikataa kabisa. Aliuliza mzee anayebebwa kama gunia kwenda kumwombea mwanawe mke ataheshimiwa na nani. Alisema ataendesha mpaka Wamunyu, na baada ya hapo Mungu afanye apendavyo. Nami niliwaza wale wazee wote ndani ya gari, na zile kona.

Unajua nilipewa jina la mama yake, na kwamba tangu nizaliwe ameniita mwaitu, mama yangu. Mimi nililichukulia kama jina la kubembelezwa tu. Siku hiyo nilisimama mbele yake, nikanyoosha mkono, nikamwambia, "Mwanangu, nipe hiyo funguo."

Alinitafuta uso. Nilifikiri atanipiga. Kisha akaitoa mfukoni, akaniwekea mkononi. "Sawa, mwaitu," akasema, na akalia. Hata tulipomzika nyanya hakulia. Nami nililia.

Baba mdogo Kisilu amekubali kuendesha Desemba, na Baba atakaa kiti cha mbele. Usimpigie kelele kuhusu macho, na usijilaumu kwa ajili ya rimu. Bila hizo tungejua siku ya mazishi.

Lakini kuna jambo ameniagiza. Ulisema utamleta Pauline nyumbani Desemba ukipata likizo. Nayaandika maneno yake vile alivyoyasema: "Mwambie asingoje likizo. Amlete huyo msichana sasa, nimwone uso. Desemba nitasikia sauti tu."

Mama anakusalimu, na Kisilu pia. Nisalimie Pauline sana, na umweleze yote kabla hamjafika. Omba ruhusa kazini, danganya ukilazimika, lakini Jumapili hii muwe hapa. Na msimwonee Baba haya mkakaa kando kando. Pauline aketi mbele yake kabisa, uani, kwenye mwangaza.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Mutheu