Mwanamke Aliyetutoa Kwenye Moshi Huku Dunia Ikimzunguka

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mji wa Kale, Sfax
Alhamisi, tarehe 13 Julai 2017, asubuhi

Jina: Mabruka binti Salah Ghorbel
Umri: Miaka 53
Kazi: Msuguaji wa waogaji, Hamamu ya Nana (bafu la umma), zamu ya wanawake
Makazi: Nyuma ya soko la wahunzi, Mji wa Kale

Mimi ndiye mwenye jina hilo. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Jana sokoni nilisikia kwamba Anis Fakhfakh ameleta mashitaka hapa. Anasema Rafika Sellami aliingia hamamu akiwa amelewa, akamvuta mama yake Anis mguu, akamvunja mkono. Mkono umevunjika, ni kweli. Mguu alivutwa, hilo nalo ni kweli. Hilo la ulevi ndilo lililonitoa nyumbani. Nilikuwemo ndani. Niliona kwa macho mpaka macho yalipokosa kazi, na baada ya hapo nilishika kwa mkono wangu huu.

Rafika ni jirani yangu, ana miaka arobaini na sita. Alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana, mtu wa kuruka na kupiga filimbi, sauti yake ikisikika mpaka mtaa wa pili. Miaka sita iliyopita sikio lake la kushoto lilianza kunguruma kama bahari, kisha siku moja akiwa uwanjani dunia ikazunguka na yeye akajikuta amekumbatia nguzo ya goli, wanafunzi wanacheka. Daktari alimwambia maji yaliyo ndani kabisa ya sikio hujaa kupita kiasi, na huko ndani ndiko mwili unakojua juu ni wapi na chini ni wapi. Yakijaa, hakuna juu wala chini. Si kile kizunguzungu cha mtu aliyeinuka haraka. Kinamshika saa nzima, mbili, tatu, anatapika mpaka nyongo, na akili yake timamu muda wote. Sikio lenyewe sasa karibu halisikii kitu.

Ameacha kazi. Ameacha kahawa, ameacha chumvi. Afande, wewe ni mtu wa Sfax, unajua maana yake kukaa sikukuu ya Idi mbele ya samaki wa chumvi na kula mkate mtupu. Analala kwenye godoro la sakafuni. Akitoka hupita kiganja kikiwa ukutani, kwa hiyo watoto wa mtaani humwita Bi Ukuta. Yeye huwajibu, "Nyinyi mnatembea na miguu miwili tu, maskini!" Watu wazima hawasemi mbele yake, husema nyuma. Wengine wanasema ana jini, wengine wanasema anakunywa.

Mnamo Jumanne tarehe 11 Julai, baada ya sala ya alasiri, alikuja hamamu na ndugu zake kumwogesha bibi harusi. Bibi harusi ni Emna, binti wa kaka yake. Walikuwepo Dalila, mama wa Emna, na Bi Shadliya Fakhfakh, mama wa Anis, bwana harusi, pamoja na shangazi na marafiki, kama wanawake kumi na wawili kwa jumla. Walikuja na mishumaa, ubani na vigelegele, kama ilivyo ada. Nilisikia mlangoni Dalila akimwambia Rafika:

"Wifi, ungebaki nyumbani. Joto la mle ndani litakuangusha, utuharibie shughuli."

Rafika akamjibu, "Nikianguka nifunike taulo, mwendelee na vigelegele. Mtoto wa kaka yangu haogeshwi kwa harusi yake mimi nikiwa kitandani."

"Ukaidi huo! Ndiyo maana hukuolewa."

"Na wewe uliyeolewa na kaka yangu umepata nini? Ingia, mlango unatoa joto."

Walicheka wote wawili. Ndivyo walivyo.

Tuliingia chumba cha joto, ambacho ndicho cha ndani kabisa. Kutoka humo kwenda nje unapita ukumbi wa vuguvugu, halafu ujia mwembamba wenye kona mbili, halafu sebule ya kuvulia nguo, halafu barabara. Pembeni ya chumba cha joto kuna kijichumba cha birika la maji, ambacho hakina njia nyingine. Nyuma ya ukuta wa birika ni tanuri, na hapo ndipo hurundikwa mashudu ya zeituni ya kuchomea.

Nilikuwa namsugua Bi Shadliya mgongo. Emna alikuwa kwenye kijichumba cha birika, amepakwa udongo wa nywele kichwa kizima na uso, amefumba macho. Rafika aliniita kwa sauti ya chini, akasema, "Mabruka, imeanza." Nilimwona akishuka sakafuni. Naomba usiandike "alianguka", afande. Alishuka mwenyewe, kwa mpango, goti moja, goti la pili, kisha kiganja, mpaka shavu lake likagusa marumaru. Macho yake yalikuwa yanaruka upande upande kama ya mtu anayetazama treni ikipita. Bi Shadliya aliguna, akasema, "Ya Rabi, siku ya mwanangu!" Nilimsogezea Rafika ndoo ya kutapikia.

Hapo ndipo taa zilipozimika. Moshi haukuja kidogo kidogo. Ulimwagika kutoka juu ya ukuta wa birika, mweusi na mzito, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua. Vile vioo vya kwenye kuba vinavyotupa mwanga wa jua vilifunikwa mara moja, nikainua mkono mbele ya uso wangu nisiuone. Wanawake walianza kupiga kelele na kukimbia, na sakafu ile ina sabuni. Nilisikia miili ikigongana. Mimi nimefanya kazi mle miaka mingi, lakini nilizunguka mara moja tu kumtafuta Bi Shadliya, na niliposimama sikujua tena mlango uko wapi. Kelele zilitoka kila upande, kila mmoja akikimbilia anakosikia mwenzake. Wengi walikuwa wanaelekea kwenye birika, moshi unakotoka.

Ndipo nikasikia ile sauti ya uwanjani. "Chini! Kila mtu chini! Tumbo sakafuni!"

Nilishuka. Huko chini kulikuwa na hewa, si nyingi, lakini hewa. Nikapapasa, nikashika mguu, nao ulikuwa wa Rafika.

"Nani huyo?"

"Mabruka."

"Shika kifundo changu, usikiachie hata nikikupiga teke. Anayekufuata ashike chako. Waambie, mimi siwasikii wako upande gani."

Nilipiga kelele, wakaanza kushikana. Bi Shadliya alikuwa bado amesimama, analia jina la mwanawe, na alipotupita mbio akielekea kwenye birika, Rafika alimshika mguu akamvuta. Aliangukia mkono, nikasikia mfupa ukivunjika. Sitaki kuficha hilo. Lakini Rafika hakuweza kusimama. Angeweza kusimama angemshika bega kwa adabu kama watu wanavyoshikana. Alishika alichokifikia, na alichokifikia kilikuwa mguu. Bi Shadliya alimtukana tusi ambalo sitalirudia hapa. Rafika akamwambia, "Nitukane, lakini ukitambaa."

Tukaanza kwenda. Sasa naomba uandike kama nitakavyosema, kwa sababu hili sijawahi kuliona na sitegemei kuliona tena.

Mguu wake ulikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo nilijua kila kitu mwili wake ulichofanya. Kila baada ya hatua mbili tatu za magoti alikoma akatapika, nikahisi tumbo lake likijikunja mpaka kwenye unyayo, kisha akaendelea. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa ukutani, nakisikia kikisugua. Kuna mahali vidole vyake vya miguu vilijibana sakafuni na misuli ikakaza kabisa, kama mtu anayepanda jabali na kuogopa kuporomoka. Mimi sakafu ile naipiga deki kila siku, ni tambarare kama meza. Nikamuuliza, "Una nini?"

Akasema, "Sakafu imesimama wima kama ukuta."

"Haijasimama, dada. Iko chini."

"Najua iko chini. Naihisi imesimama. Subiri."

Akaipanda. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Alikipanda kitu ambacho hakikuwepo, na sisi sote nyuma yake tulitambaa juu ya marumaru ya kawaida. Sisi tulipotea kwa sababu ya moshi wa dakika chache. Yeye alikuwa amepotea muda wote, na bado alijua njia, kwa sababu hakuyauliza macho wala masikio. Aliuliza ukuta. Ukuta ulipokatika mlangoni, alinyoosha mkono mpaka akapata kizingiti, akakipapasa kama mama anavyopapasa uso wa mtoto gizani, akasema, "Huu ndio mlango wa vuguvugu. Tunapinda."

Tulipofika kwenye ujia, kona ya kwanza, Dalila alipiga kelele kutoka nyuma kwamba Emna hayumo kwenye msururu. Alitaka kurudi. Rafika akasema, "Wifi, ukirudi nitakuwa na wawili wa kutafuta. Pita!" Aliniuliza kama nina tasa la shaba, lile la kuchotea maji. Nilikuwa nalo, lilikuwa limening'inia kwenye kidole changu tangu mwanzo na sikujua. Akalichukua, akajibana ukutani, akaniambia nipite, nishike ukuta huohuo, niwatoe wengine. Nilipita juu ya miguu yake. Kila mmoja alipita hivyo. Na yeye akabaki pale konani, amelala ubavu, anapiga tasa sakafuni ili Emna afuate sauti. Kila pigo lilimrudia kwenye kichwa chake kile, mtu ambaye hata sufuria ikianguka jikoni humlaza.

Tulitoka barabarani, nayo ni barabara ya wauza vitambaa. Wanawake kumi bila nguo, Jumanne alasiri, soko limejaa. Namwomba Mungu awalipe wanaume wale. Mmoja alipaza sauti, "Nyuso ukutani!" na kila mwenye duka akageuka akatazama ukuta wake, wakaanza kuturushia vitambaa kwa nyuma, bila kutazama: hariri, pazia, shuka, jora zima la kitambaa cha makochi. Hakuna aliyegeuka. Dalila alijifunga pazia la kijani, akasimama mlangoni akitaja jina la binti yake kwa sauti ambayo sitaki kuikumbuka.

Tasa liliendelea kulia ndani. Kisha likanyamaza.

Dalila akakaa chini, palepale alipokuwa.

Halafu Emna akatoka. Alikuwa anatambaa kwa magoti, udongo umekauka usoni mwake kama kinyago, macho bado amefumba. Mkono mmoja ukutani, na mkono mwingine ulikuwa nyuma yake, unaburuta. Alikuwa amemshika Rafika kwenye kwapa. Emna alisema sauti ya tasa ilikuwa inamjia polepole, Rafika akitambaa kumrudia, kisha vidole vikamshika uso, na Rafika akamwambia, "Umechelewa, bibi harusi," kisha nguvu zikamwishia. Zimamoto walifika wakati huo.

Rafika hakupoteza fahamu. Tulimlaza kwenye duka la Mzee Lamin, mmoja wa wale wauza vitambaa, juu ya majora. Nilimwambia, "Basi, dada, imeisha. Kila kitu kimetulia." Akasema, bila kusogeza kichwa, "Kwako kimetulia. Kwangu bado kinazunguka. Wote wametoka?" Nikamwambia wote. Akauliza tena, na tena, nami nikamtajia majina.

Daktari wa gari la wagonjwa alitukataza kumgeuza wala kumwinua, mpaka kizunguzungu kipite. Macho yake yalikuwa yamekazia sehemu moja sakafuni. Emna ndiye aliyeanza. Alilala chini kabisa, shavu kwenye vumbi la duka, akajisogeza mpaka uso wake ukawa pale macho ya shangazi yake yalipokuwa yanatazama. Kisha akaondoka, Dalila akalala mahali pale. Kisha mmoja mmoja, wanawake wote wale, waliojifunga mapazia na hariri, wenye umri na wenye mimba, kila mmoja alilala sakafuni mbele yake, akajionyesha, akainuka. Nami nililala. Nilimwona anavyotutazama, macho yanaruka, yanarudi, yanaruka, yanarudi, na kila yaliporudi yalinikuta.

Umeniuliza, afande, kama Rafika alikuwa amelewa. Nimemsikia pumzi yake karibu kuliko mtu yeyote. Ilikuwa na harufu ya nyongo na mnanaa. Umeniuliza kama moto ulianzishwa na uzembe wa mtu. Hilo sijui, mimi si mtu wa tanuri.

Niliyoyaona ni hayo na niliyoyashika ni hayo. Siongezi wala sipunguzi.

Sahihi ya shahidi: Mabruka Ghorbel

MAELEZO YA OFISA: Nimemsomea shahidi maandishi haya neno kwa neno, amekubali ni yake na ametia sahihi mbele yangu. Alipokuwa anatoka, ameingia Bi Shadliya Fakhfakh, mkono wa kulia ukiwa kwenye plasta, bila kuandamana na mwanawe. Nilimpa kiti, amekataa kukaa. Ameomba aonyeshwe mashitaka yaliyoletwa kwa jina lake. Nilimwonyesha. Ameyasoma akiwa amesimama, kisha ameniambia: "Mwanangu hakuwemo. Mimi nilikuwemo. Nipe kalamu." Ameyafuta kwa mkono wa kushoto.