Kiuno cha Marehemu Mama

Makindye, Kampala
9 Februari 2025

Mpendwa dada Shamirah,

Salamu nyingi zikufikie huko Kibera. Presha ya shemeji Abdu imetulia? Watoto wazima? Sisi tunapumua, ila nina donge moyoni.

Donge lenyewe ni maneno yako kwenye kikundi cha familia: "Munirah anajifungia jikoni anakula." Niliyasoma dukani Nakivubo, wateja wamenizunguka. Dada, duka lile sikurithi, na hesabu naijua. Tangu Ramadhani iliyopita nimeacha chapati na soda; posho, ugali wetu, naonja tu, mboga ndiyo shibe. Kutoka kilo tisini na mbili nikashuka hadi themanini na nane, kisha mzani ukagoma. Jirani yangu Abalo, rika letu, anakula kama ninavyokula mimi naye amekonda kama sindano.

Juzi nilimwoza mwanangu Tamim. Unajua kwetu mama wa bwana harusi huvaa gomesi, lile gauni refu la mshipi, ya marehemu mama yake. Nikamwita fundi airekebishe. Hakukuwa na kazi. Mshipi ulikaa palepale penye mkunjo wa Mama, nyonga zikajaa nafasi zake. Fundi akakunja futi yake, akaondoka bila kuaga.

Ukumbini Mama Mkubwa Rukiah, dada mkubwa wa mama zetu, ambaye sasa haoni kabisa, akanipapasa kiuno.

"Zaituni! Umerudi?"

Watu wakacheka. Nikamwambia si Mama, ni mimi, Munirah. Yeye hakucheka.

"Zaituni, kiu gani hii? Jagi umelimaliza tena."

Nikatazama mkononi. Nilikuwa nimelishika jagi, tupu. Hakuna aliyemwambia. Na ndivyo alivyomuuliza Mama mwaka ule wa mwisho, kabla sukari haijamchukua.

Kesho yake nikapima. Sukari imeanza kupanda. Nesi Akot akasema hedhi ikikoma mwili hung'ang'ania mafuta, na damu ya ukoo wetu huzidisha. Chakula kinasaidia, ila hakimsaidii kila mtu sawasawa. Mama alifariki na miaka hamsini na moja. Mimi ninayo hamsini.

Mama zetu ni ndugu toka nitoke, Shamirah, na kiuno chako ni hichohicho. Acha kunicheka, nenda ukapime. Mama Mkubwa anakuja kwenu Idi. Sitaki akushike, kisha aite jina langu.

Wasalimie shemeji na wanao wote. Mola awafunike kwa afya.

Dada yako, mwenye hasira na mapenzi yasiyopungua,
Munirah