Mama, Kadi Ninayo Mimi

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza na neno jingine. Hapa Maskati leo ni Ijumaa, wenzangu wa chumba wamelala baada ya kula, na mimi nimekalia ndoo niliyoipindua, karatasi iko juu ya goti. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Hii ya nne siichani. Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya kunyoa, ukoo mzima utakaa uani kwako kumaliza matanga, na Bhoke ameniahidi kwamba chochote nitakachoandika atakisoma kwa sauti mpaka mwisho. Maskini dada yangu, hajui ameahidi kusoma nini.

Nianzie kwenye furaha, maana ilikuwepo. Unakumbuka siku nilipoileta pikipiki pale Kemambo? Nilikuwa likizo ya kwanza, nimetoka nayo dukani Tarime, vioo vyake bado vina nailoni. Ulikuwa unapukuchua mahindi. Uliinuka, ukaizunguka mara mbili mkono kiunoni, ukaigonga tangi kwa kidole, ukasema, "Haya, mura, kijana wangu, watu wanaleta wake, wewe umeniletea mkwe asiyejua kupika." Mdogo wangu Marwa alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile pikipiki ikaitwa Mkwe, na nyumbani hapakuwa na mtu aliyeiita jina lingine.

Jumapili yake nikakupakia kwenda kanisani. Ulikaa upande, kuku wa sadaka kwapani, na kila tukikaribia shimo ulinipiga mgongoni: "Polepole! Nina kuku!" Hukusema una presha, wala una miguu mibovu. Ulikuwa na kuku. Mama, nacheka huku karatasi inalowa.

Niliinunua kwa ajili ya miguu hiyo. Kutoka kwetu mlimani mpaka barabara kubwa ni mbali, na bodaboda hawapendi kupanda kule mvua ikinyesha. Nilisema mama yangu hatasubiri mtu. Nikaiendesha siku kumi na tisa, likizo ikaisha. Hapa ninapoishi vijana wanaopeleka vyakula majumbani wananipita kutwa nzima na pikipiki zao, na mimi nabebwa na basi la kazini kama mzigo, mtu mwenye pikipiki yake Tarime.

Sasa nakuja kwenye bahasha. Unajua nakuja huko.

Asubuhi ya kuondoka nilimwita Marwa mbele yenu wote, akiwemo baba mdogo Nyamhanga, nikampa bahasha ya kaki. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii ndiyo kadi ya pikipiki, itunze." Akaipokea kwa mikono miwili. Hakuifungua. Alikupa wewe uiweke kwenye sanduku lako la nguo, na wewe ukaitazama gundi niliyoipaka pembe zote nne, ukaniambia taratibu, "Kitu cha ndugu hakifungwi na gundi, mura. Kinakunjwa tu." Nikajibu kwamba nazuia vumbi.

Haikuwa vumbi, mama. Ndani ya ile bahasha kulikuwa na kopi. Kadi yenyewe ilikuwa chini ya begi langu, ndani ya soksi, na ndiko ilikokaa hadi leo asubuhi.

Nilimwogopa Marwa. Nilikuwa bado namwona yule wa zamani aliyemuuza beberu wa marehemu baba mnadani akarudi na spika kubwa ya muziki. Wewe ulishamsamehe zamani. Ulikuwa unasema hata ndama mwizi wa maziwa hukua akalima shamba. Mimi nilijiambia kwamba bila kadi hataweza kuiuza Mkwe, basi. Nikapanda ndege nikijiona mjanja.

Na ujanja ule haukunipa usingizi hata kidogo. Mtu mwenye chombo mbali ana wazimu wake. Marwa akisema cheni imelegea, nasema anatafuta hela ya pombe. Akisema tairi limekwisha, nataka picha. Akituma picha, nasema ni tairi la pikipiki nyingine. Nikamlazimisha kila Jumapili aniwashie niisikie, na wewe ndiye uliyeshika simu karibu na ekzosi, unapiga kelele juu ya mngurumo, "Unaisikia? Mkwe hajambo!" Kumbe mngurumo ule wa Jumapili ndio uliokuwa unanibakizia nyumbani. Sikuwahi kumwambia Marwa asante hata mara moja.

Siku dawa zako zilipoisha, Marwa alienda Tarime kuzifuata. Kwenye kizuizi akasimamishwa. Kwetu karibu na Sirari pikipiki nyingi zinavuka mpaka hazina makaratasi, askari akaomba kadi, hiyo ndiyo kazi yake, wala simlaumu. Marwa akasema kadi iko nyumbani. Akaambiwa pikipiki ibaki, alete kadi aichukue. Akaja na dawa zako mfukoni, akalitoa sanduku, akaikata bahasha kwa wembe mbele yako, mbele ya Bhoke na baba mdogo.

Bhoke anasema uliitazama ile kopi, ukaigeuza. Kisha ukasema, "Mpigie kaka yako."

Nilikuwa bohari, nimeshika boksi. Nikaipokea simu kwa bega. Marwa hakunilaumu, mama. Aliniuliza kwa adabu kabisa, "Kaka, ile bahasha uliweka nini?" Nikamsikia baba mdogo anakohoa, nikajua simu iko kwenye spika na watu wamekaa. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu tu: kadi ninayo mimi. Aibu ikanishinda. Nikasema, "Nilikupa kadi, Marwa. Umeipeleka wapi?"

Halafu nikakusikia wewe, sauti yako ya mwisho niliyoisikia hapa duniani. Ulisema, "Zima simu."

Ulikuwa umejua. Ulikumbuka gundi. Ungeweza kuniumbua palepale mbele ya shemeji yako, na hukufanya hivyo. Labda ulinisubiri nipige mwenyewe. Sikupiga. Nilipanga kumtafuta mtu anayesafiri aipeleke kadi kimyakimya, ionekane kama imeokotwa nyuma ya sanduku. Nilikuwa bado napanga uongo wa pili, siku tatu zikapita.

Siku ya nne ilikuwa ya mnada, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Ulianguka jikoni saa nne asubuhi. Marwa alikimbia kijiji kizima, bodaboda wote walikuwa mnadani. Akaazima baiskeli. Wakakukalisha kwenye keria, wakakufunga kwa kitenge chako ukiegemea kiti cha mbele, Bhoke akishikilia nyuma, Marwa akisukuma kwenye ule utelezi miguu peku. Hamkufika barabarani. Bhoke anasema Marwa aliendelea kusukuma kwa muda mrefu baada ya yeye kumwambia asimame.

Nami nilikuzika kwenye simu. Niliomba ruhusa, nikaambiwa mkataba haujaisha. Mtandao ulikuwa unakatika, nikaona jeneza likishuka, picha ikaganda, ilipofunguka nikaona tuta.

Mama, sijui kuomba tena. Nikifumba macho naiona keria ya baiskeli. Nimejaribu kujiambia kwamba labda hata Mkwe angekuwepo usingepona, na sijui, huenda ni kweli, lakini hilo halinisaidii kitu. Ningetaka nilie kama watu wengine, nilie kwa kufiwa tu. Siwezi. Kila chozi linauliza kadi iko wapi.

Na balaa haijaisha, ndiyo maana naandika. Ukoo umeshamhukumu Marwa. Wanasema aliifungua bahasha kwa siri, akaiuza kadi kwa watu wa ng'ambo ya mpaka, akaweka kopi na kuipaka gundi upya. Nani angemshuku mwana aliye ughaibuni, anayetuma hela za msiba? Baba mdogo ametamka, "Aliyeuza kadi ndiye aliyemuua mama yake. Huyo hatanyolewa pamoja nasi, na matanga yakiisha aondoke kwenye boma hili." Mwanzoni Marwa alikuwa anabisha. Sasa habishi. Bhoke ameniambia juzi, "Kaka, huyu mtu tunampoteza. Hali, hajibu, anakaa kwenye tuta la mama kutwa. Jana kaniuliza kama yawezekana aliiuza kadi akasahau."

Mama, mdogo wangu ameanza kuamini uongo wangu. Neno hilo ndilo lililoniangusha.

Kwa hiyo yasikike hapo uani, na baba mdogo asikie vizuri. Marwa hakuuza kitu. Marwa alitunza alichopewa. Aliyeifanya pikipiki ilale polisi ni mimi, kwa kadi iliyolala ndani ya soksi Maskati. Kama kuna mtu wa kutonyolewa, ni mimi, na huku niliko nywele zangu nimeziacha. Kama kuna wa kutoka kwenye boma, nitoeni mimi, nitakaporudi sitabisha mlangoni. Mkwe ni wa Marwa. Nimeandika na kusaini. Akitaka kuiuza aiuze, hata akinunua spika.

Siombi unisamehe leo. Naomba jambo moja tu: kama mliko mna namna yoyote ya kumgusa mtu begani, mguse yule aliyekaa kwenye tuta lako, mwambie hakusahau kitu.

Mwenzangu mmoja wa Musoma anasafiri Jumatatu. Barua hii nampa yeye, pamoja na bahasha ya Marwa. Bhoke akifika kwenye mstari huu atanyoosha mkono na kumkabidhi Marwa mbele ya wote. Kadi iko ndani. Bahasha sikuipaka gundi, mama. Nimeikunja tu.

Lala, mama.

Mwanao wa kwanza,
Chacha