Choroa Niliyemtolea Mfano Kwenye Posa

Gaspar, nakuandikia kikaratasi hiki hata koti sijavua. Nimeaibika Temeke.

Tulikwenda kumposea mwanangu Revelian. Nikawaambia wakwe: "Enzi za Mjerumani, nikifundisha Kondoa, niliona makundi ya choroa katika nyika kavu. Huongozwa na dume mwenye pembe ndefu kuliko wote. Nyumba nayo iwe hivyo."

Shangazi wa binti, mzaliwa wa Kondoa, akaniuliza taratibu: "Mwalimu, huyo ulimchungulia? Mwenye pembe ndefu ni jike. Yeye hutangulia, dume hufuata nyuma."

Wakacheka wote, hata mke wangu. Hata mke wangu, Gaspar.

Binti alikuwa akisita kwa kuniogopa mimi. Naye akacheka, kisha akakubali.

Revelian amepata mchumba. Mimi nimepata mkwe asiyeniogopa hata kidogo.