Majibu Niliyoyalipia

Mkuza, Kibaha
Jumapili jioni

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lililokusumbua wakati wa masika sasa linakuruhusu kwenda shamba na kurudi, ingawa najua hata likiuma husemi. Mimi mwili hauna neno. Kazi inaendelea, na mwenye nyumba wangu anakusalimia sana. Bado anakitaja kile kisamvu ulichomletea. Ila moyo wangu hauko sawa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kaka Bilali alinifikishia kapu na barua yako juzi Ijumaa. Nimeisoma mara tatu. Unasema umeniombea dua, na kwamba mmekaa kikao mkaona shangazi Biubwa aje akae kwangu miezi yote mitatu ya kliniki yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyemuuguza pale hospitali ya Tumbi vizuri kuliko hata mtoto wa kumzaa. Mama, kabla hamjamfungia shangazi mizigo yake, naomba unisome mpaka mwisho. Ningeweza kupiga simu, lakini nikisikia sauti yako najijua, nitaanza kupunguza maneno.

Unakumbuka mwezi wa Ramadhani nilinunua simu mpya. Evance, ninayekaa naye meza moja ofisini, ni hodari wa kupamba simu, akanionyesha kwamba si lazima sura yake ibaki ile iliyotoka nayo dukani. Basi nikazama humo. Alama zote za programu nikazitia rangi moja ya damu ya mzee, majina yake nikayafuta, mbele nikaacha saa na ua moja tu. Ilipendeza, mama, siwezi kusema uongo. Wenzangu walikuwa wakiomba kuishika.

Kilichoniudhi ni zile namba nyekundu za ujumbe. Nikimaliza tu kupanga, kundi la ukoo limeshajaa: michango ya harusi, picha ya kuku aliyepotea, sauti za mjomba za dakika saba ambazo dakika sita ni salamu. Nikasema mnanichafulia kioo. Nililitamka neno hilo mbele ya Evance, tukacheka. Akaniambia iko programu ya kuleta utulivu. Unaipa orodha ya watu muhimu, simu zao zinaita. Wengine wote inawaficha mpaka siku utakayopenda kuwafungulia, na wakati huohuo inawajibu kwa maneno uliyoyatunga mwenyewe. Kwenye orodha nilimweka bosi, Evance, wewe, na fundi wangu wa nguo. Dada Hamisa sikumweka, kwa sababu yeye ndiye anayeandika sana.

Programu hizi nyingi ni za bure siku saba, halafu zinataka hela, au uzitumie za bure na kasoro zake. Sikuwa na uwezo wa kuzilipia zote, ikabidi nichague. Ya kusomea Kurani niliiacha ya bure, ikawa matangazo ya kubeti yananitokea katikati ya Yasini. Nilizozilipia ni ya rangi na hii ya kujibu. Majibu nilitunga mawili ya kupokezana, kwa lugha nzuri ya ofisini. La kwanza lilisema: "Shikamoo, ujumbe wako nimeupata, ninaushughulikia." La pili: "Shikamoo, kila kitu kiko sawa, tutawasiliana."

Sasa mama, Jumatatu ile Hamisa alipomleta shangazi Tumbi kupasuliwa uvimbe, alinipigia mara mbili, simu haikuita. Akaandika kwamba shangazi amelazwa, yeye lazima arudi Kisarawe kwa sababu ya mtoto anayenyonya, hivyo uji wa asubuhi na jioni niupeleke mimi, kama tulivyozoea sisi tunaokaa jirani na hospitali. Simu yangu ikamjibu papo hapo kwamba inaushughulikia. Hamisa akapanda gari akaondoka na moyo mweupe. Siku ya pili aliuliza shangazi anaendeleaje, akajibiwa kila kitu kiko sawa. Amenisimulia mwenyewe kwamba alicheka, akakwambia Nuria wako siku hizi anaongea kama tangazo la serikali. Hata wewe ukatulia, hukuona sababu ya kupiga.

Mimi nilikuwa Mkuza hapa, bodaboda ya dakika chache tu, nakula na kulala.

Nilijua Alhamisi mchana, tena kwa bahati. Nilikuwa namwonyesha Evance rangi mpya, kidole kikagusa pale nilipowaficha, zikamwagika jumbe zote za Hamisa. Nilifika wodini mikono mitupu, natweta. Shangazi alikuwa ameegemea mto anakunywa uji kwenye kikombe cha mama mmoja anaitwa Marselina, mwenyeji wa Kwa Mathias, aliyekuwa akimuuguza mamaye kitanda cha pili. Huyo ndiye aliyemlisha tangu Jumanne jioni, na kumshika mkono kwenda chooni, na kumfulia kanga. Shangazi aliponiona alitabasamu, akamwambia Marselina, huyu ndiye yule mwanangu. Marselina alinitazama, akasema karibu.

Ijumaa nilipeleka chupa moja ya uji, na saa sita shangazi akaruhusiwa. Hiyo chupa moja ndiyo uuguzaji wangu wote mnaousifia. Shangazi alipofika huko akawaambia nilikwenda kila siku, nami nikanyamaza. Nimenyamaza wiki tatu, napokea dua zako. Mihogo ya kwenye kapu nimempelekea Marselina leo asubuhi, ila miwili nilikuwa nimeshaipika.

Kuna jambo moja nilitaka kuliruka, mama. Hamisa akijua alijibiwa na mashine, mnaweza kusema alidanganyika kwa bahati mbaya. Si bahati mbaya. Programu ile ikiwa ya bure, chini ya kila jibu inaandika kwamba mwenye simu hajausoma ujumbe huu. Ule mstari peke yake ungetosha. Hamisa angeuona, angekupigia wewe, wewe ungenipigia mimi, na shangazi angekunywa uji wangu siku ileile. Hela niliyolipa ilikuwa ya kuuondoa mstari huo. Nililipa ili mdhani mnaongea na mimi.

Nimeifuta, lakini hilo halinisaidii. Jana nilimpigia shangazi kwa simu ya Hamisa, nikamshukuru kwa kunisitiri, nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, ila nisijidanganye kwamba alisema vile kwa ajili yangu. Alisema pale wodini kila mtu alikuwa akimuuliza kama hana ndugu karibu, naye anajibu anaye, amenilea mwenyewe, nitakuja kesho. Mpaka Alhamisi alishachoka kuulizwa. Hakuweza kurudi Kisarawe aanze kuulizwa upya.

Basi mama, umsomee barua hii Hamisa na wote waliokuwa kikaoni, halafu muamue upya shangazi akae wapi. Mkiona asije kwangu, sitanung'unika. Nitakuja mwenyewe kumchukua kila siku ya kliniki na kumrudisha. Ila yeye muulizeni kwanza anataka nini, maana mimi jana nilishindwa kumuuliza.

Nisalimie Hamisa na mtoto, na majirani wote wa pale nyumbani. Goti ulipake dawa. Kaka Bilali anaondoka alfajiri, nami namkabidhi bahasha hii sasa hivi kabla sijabadili mawazo.

Mwanao mwenye aibu,
Nuria Mwinyijuma