Ng'ombe Saba Ndani ya Simu

Alhamisi, saa nne asubuhi. Upepo unapiga mabati ya kibanda tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi kwenye meno. Sijafungua dirisha la wateja. Wakigonga, wagonge.

Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayesoma blogu.

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Singida mjini, mwaka wa sita sasa. Mteja akikosea namba namcheka moyoni, kisha namsaidia: tunapiga huduma kwa wateja, hela inazuiwa, inarudi. Mimi sikosei. Namuuliza mtu, "Inaishia na ngapi?", jina la mpokeaji linatokea, tunatuma.

Miezi miwili iliyopita nilimshawishi baba, kule Sepuka, auze ng'ombe saba wa mahari ya mdogo wangu Elia. Nilimwambia malisho yanaisha, watakonda. Tuwauze wakiwa na mwili, hela tuiweke kwenye kripto ya dola, sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, bei ya mnada ikishuka tununue mitamba. Baba hakuelewa hata neno moja. Aliuza kwa sababu eti mimi ndiye mtoto wake mwenye akili.

Mwenye akili!

Wiki iliyopita wakwe wakataka mahari ifike Jumamosi hii. Nikafungua waleti, ile programu ya simu inayotunza kripto, nimtumie yule jamaa wa Dar anayenibadilishia kripto kuwa shilingi. Adresi ya kripto ni mkorogo mrefu wa herufi na namba, haina jina la mtu. Nikanakili ile ya juu kabisa kwenye orodha ya miamala, nikaangalia inavyoanza na inavyoishia, kama ninavyofanya na namba za simu kutwa nzima. Nikatuma yote.

Ilikuwa ya tapeli. Siku moja kabla alinitumia visenti kutoka adresi aliyoitengeneza ifanane na ya jamaa wa Dar mwanzo na mwisho, ili ikae pale juu inisubiri. Katikati ilikuwa tofauti kabisa. Katikati sikusoma.

Watu wa waleti wakanijibu kwa upole: muamala ukishapita hakuna wa kuurudisha. Wakaniandikia na pole. Kisha kwenye kundi moja la mtandaoni akajitokeza "mtaalamu wa kurejesha kripto", akataka ada kwanza. Nikampa floti yote ya kibanda, hela ya kuhudumia wateja. Akanibloku siku hiyo hiyo. Nilimwamini kwa sababu alinisalimia vizuri, mjinga mimi.

Elia aliniambia neno moja tu: "Dada, bora wangeliwa na fisi. Tungeokota hata pembe." Hajanipigia tena.

Lakini aliyenimaliza ni baba. Nilipokwenda Sepuka kumweleza, hakufoka. Aliuliza, "Huyo mtu anaitwa nani?" Nikasema hana jina. "Basi ni wa wapi? Niende kwao, nikaongee na wazazi wake." Nikasema hajulikani. Nikamwonyesha kwenye simu, maana adresi ya kripto mtu yeyote anaweza kuichungulia. Hela yetu ilikuwa pale, haijaguswa. Uso wake ukachangamka.

"Si ipo hiyo?"

Nikasema ipo, baba. Sikuwa na moyo wa kuongeza kwamba kuiona tu ndiyo mwisho wetu, kuichukua hatuwezi.

Tangu siku hiyo hupiga kila asubuhi saa moja. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, bado ipo? Ipo. Basi anaridhika, anakwenda kuwaambia majirani kwamba mali imeonekana, kuitoa tu ndiyo bado. Jana aliwatumia wakwe salamu kuwa Jumamosi tunafika. Na wao wameshaazima viti.

Leo saa kumi na mbili na nusu nilichungulia.

Sifuri.

Imehamishwa usiku, vipande vipande, kwenda kwenye adresi nyingine ambazo nazo hazina majina. Nilikuwa bado nimekaa chini kwenye sakafu ya kibanda simu ilipoita.

"Marahaba mwanangu. Bado ipo?"

"Ipo, baba."

Akacheka kwa furaha. Akasema Elia amenunua viatu vya kuendea ukweni, na kwamba mdogo wangu amenisamehe, nisiwe na wasiwasi.

Kesho Ijumaa, saa moja, atapiga tena. Na ninavyojijua, Mungu wangu, nitasema ipo.